Miezi mitano nilimnywesha Mama dawa kwa maziwa

Mama yangu ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameshona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia barazani kwetu hapa Tanga. Daftari lake la vipimo ndilo lililotangulia kutuambia kuwa kuna jambo, ila hatukujua kulisoma. Kurasa za 2017 zina tarakimu kubwa, zimekaa vizuri juu ya mistari. Za mwishoni mwa 2019 zimesinyaa, "kiuno 34" unaisoma kwa kusogea dirishani. Tulidhani ni macho, tukamnunulia miwani.

Ukafuata mkono wa kulia. Akiwa ameketi tu, mkono umepumzika pajani, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana polepole, mfano wa mtu anayevuta tasbihi. Majirani waliopita walidhani yumo kwenye dhikri. Akinyanyua kikombe, mkono unatulia. Siku moja uji uliungua jikoni naye amekaa hapo hapo, hakusikia harufu. Usiku akawa anarusha mateke na kupiga kelele usingizini. Choo kikawa kigumu. Nayataja yote kwa sababu kila moja lilikuja peke yake, na kila moja tukalitafutia sababu yake: umri, uchovu, msiba wa Baba. Hakuna aliyeyaweka pamoja. Baadaye tuliambiwa kuwa pua, choo na usingizi huweza kuutangulia mtetemo kwa miaka mingi.

Tulihangaika karibu miaka miwili. Shangazi alisema huo ni mkono wa mtu, tukaacha shilingi 180,000 na kuku wawili kwa mganga. Zahanati moja ilimpa dawa za presha, na presha hakuwa nayo. Nyingine, alipolalamikia kichefuchefu, ilimwandikia metoklopramidi, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amekakamaa kama ubao, hata kugeuka kitandani ni mpaka nimshike. Tukalipa shilingi 250,000 kwa picha ya kichwa. Ikarudi safi, na ule usafi wake ukatuvunja moyo zaidi.

Mwaka 2021 tulipanda basi kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama kijana mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama, akamwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, atembee ukumbini, ageuke, arudi. Akaukunja na kuukunjua mkono wake. Dakika ishirini hivi. Kisha akasema, "Bi mkubwa, huu ni ugonjwa wa Parkinson. Hauponi, lakini una dawa ya kukurudishia mikono yako."

Nililia njia nzima ya kurudi, na kilio chenyewe kilikuwa cha kutua mzigo. Kumbe una jina. Kumbe daktari wa Kiingereza James Parkinson aliuandikia tangu 1817, akieleza watu sita, na baadhi yao alikuwa amewaona tu barabarani wakipita, kama majirani walivyomwona Mama. Nilikuja kujua pia kwamba utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwakuta wengi wenye ugonjwa huu ambao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa hiyo kama nawe umezunguka miaka miwili, jua tuko wengi.

Siku ile daktari alitueleza kwa kifupi. Katikati ya ubongo, chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayoulainisha mwendo wa mwili. Kwa Mama seli hizo zinakufa kidogokidogo. Dopamini huwezi kumpa mtu kwa mdomo ikafika ubongoni, kwa sababu ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo unaizuia. Kinachopita ni levodopa, na ikishapita, ubongo wenyewe huigeuza kuwa dopamini. Inachanganywa na kabidopa ili isigeuzwe ikiwa bado njiani mwilini. Halafu akaongeza maneno ambayo niliyachukua vibaya: "Seli hizi zina protini zake za kuzilinda. Kwa ugonjwa huu, ulinzi huo umezidiwa."

Mimi nilisikia neno moja tu, protini.

Jioni ile ile nilimpigia kaka yangu aliyeko Muscat. Kaka ana uchungu wa kuwa mbali, na mtu wa namna hiyo ukimtajia kitu cha kununua umempa dawa ya moyo. Alituma makopo mawili makubwa ya unga wa protini, na kila mwezi akatuma mengine. Hapa mjini nikampata muuzaji wa virutubisho aliyenihakikishia kuwa unga huo "unajenga ubongo". Asubuhi saa moja namchemshia Mama maziwa, natia vijiko viwili vya unga, nasaga kidonge chake humo humo apate kumeza kwa urahisi, nasimama mpaka amalize kikombe. Mchana maharage au samaki na kidonge cha pili. Usiku mayai na cha tatu. Niliona nampa dawa na kinga kwa pamoja.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa na nafuu, halafu dawa ikawa haishiki. Anaamka mzito, anakunywa, saa tatu bado mzito, saa tano anachangamka kidogo, saa sita anaganda. Nilimwuliza daktari kwa simu, akaongeza kipimo. Bado. Nami nikaanza kuwa mkali. Siku moja alichukua nusu saa kufunga vifungo vitatu vya blauzi, tukachelewa miadi, nikamfokea mbele ya bodaboda aliyekuwa akitusubiri. Hakunijibu. Alitazama vidole vyake tu. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Mwezi wa tano tangu nianze kumpa unga, mzigo kutoka Muscat ulikwama, unga ukaisha, na wiki hiyo muuza maziwa wetu alifiwa, hakupita. Mama akameza kidonge kwa maji matupu, akakaa, baadaye akanywa chai ya rangi kwa muhogo. Saa tatu kasoro nikasikia cherehani barazani. Nilitoka jikoni nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa ameketi wima, mguu uko kwenye kanyagio, anakunja upindo wa pazia, na ile tasbihi ya vidole haipo.

Nilidhani ni bahati. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Hapo ndipo nilipochukua daftari la kurasa 48 nikaanza kuandika: saa ya dawa, alichokula, saa iliyoshika, saa iliyoachia. Maziwa yaliporudi nikampa tena, makusudi, na dawa ikachelewa mpaka saa tano. Ukimwuguza mtu mwenye Parkinson, anza na daftari hilo kabla hujanunua chochote. Mimi nililianza baada ya miezi mitano na karibu shilingi 900,000 za makopo.

Tulipolipeleka Dar, daktari alisoma kurasa mbili tu, akafunga macho kidogo. "Mwanangu, kosa ni letu. Tulipaswa kukuuliza anamezea nini." Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Akageuza karatasi ya dawa akachora mlango. Protini yoyote unayokula, iwe ya maziwa, ya dengu au ya kopo la laki moja, tumbo huikatakata mpaka inakuwa asidi amino. Levodopa nayo ni jamii ya asidi amino. Ili itoke utumbo kuingia kwenye damu inapita mlango ule ule wanaopita hao wenzake, na ikifika ukuta wa ubongo inakuta mlango wa namna hiyo tena, na foleni. Mimi kila asubuhi nilikuwa nampakia Mama abiria mmoja wa lazima pamoja na abiria mia wa ziada, halafu nashangaa kwa nini kaachwa kituoni.

Niliuliza lililokuwa likiniuma: kwani si ulisema protini ndizo zinazoulinda ubongo? Akasogeza kiti. Nitayaeleza nilivyoyaelewa, maana yangenifikia mapema ningeokoa fedha na, zaidi ya fedha, ile asubuhi ya vifungo.

Protini zinazolinda seli haziji na chakula zikiwa tayari. Kila seli hujitengenezea zake, kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka upatikane uzi mrefu. Uzi huo haufanyi kazi mpaka ukunjwe umbo lake sawasawa, kama kitambaa kilichokatwa kisivyokuwa gauni mpaka kikunjwe na kushonwa. Na kukunja ndiko kwenye hatari. Uzi ukikaa vibaya, sehemu zake zinazonata hubaki nje, zikashikana na za wenzake, likawa donge. Kwa Parkinson donge hilo ni la protini iitwayo alfa-sinukleini, uzi wa asidi amino 140 ambao kwa kawaida hukaa kwenye ncha za neva, karibu na vifuko vya kemikali kama dopamini. Daktari Friedrich Lewy aliyaona madonge hayo kwa hadubini mwaka 1912. Mpaka 1997 ndipo ikajulikana yamejengwa na nini.

Basi seli imeweka walinzi. Wa kwanza ni protini zinazozipokea nyuzi changa, zinazifunika sehemu zile zinazonata zisishikane na yeyote, zinazishika na kuziachia mpaka zikae umbo lake. Daktari alikuwa anatafuta neno, na Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Kumbe makungwi." Daktari alicheka kwa furaha kabisa. Ndiyo, makungwi. Mwari haachwi ajiendee mwenyewe, anakaa na kungwi wake, anafundwa, anakingwa na watu wasiomfaa, na siku yake ikifika anatolewa nje, kungwi akamshike mwingine. Seli ikipata taabu, joto au sumu, huongeza makungwi upesi. Jambo hili liligunduliwa na Ferruccio Ritossa wa Italia, aliyelichapisha mwaka 1962. Kasha la kutunzia inzi wake wa matunda lilipandishwa joto, naye akaona kromosomu zao, zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, zimevimba mahali ambapo hazikuwa zimevimba kabla. Ndiyo maana wengi wa walinzi hao mpaka leo huitwa protini za joto.

Uzi ukishindikana kufundika, protini ndogo iitwayo ubikwitini hubandikwa mgongoni mwake kama alama ya "huyu wa kutupwa", na mashine ya seli inausaga. Waliofumbua hilo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Donge likiwa kubwa kupita kinywa cha mashine hiyo, seli hulizungushia mfuko na kulimeng'enya lote. Kwa kazi ya namna hiyo Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016.

Lililonikaa zaidi ni la walinzi wawili wa mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli. Mmoja anaitwa PINK1, mwingine parkini. Kinu kikiwa kizima, PINK1 huvutwa ndani na kuharibiwa, hana la kusema. Kinu kikiharibika, hawezi tena kuvutwa, anabaki mlangoni anarundikana, na kubaki kwake ndiko kumwita parkini, ambaye hukibandika kinu alama za ubikwitini ili kiondolewe kabla hakijamwaga sumu. Jeni ya parkini iligunduliwa Japani mwaka 1998 kwenye familia ambazo ugonjwa huu huwapata watu wakiwa bado vijana, na ile ya PINK1 ikahusishwa na ugonjwa mwaka 2004. Watu hao walizaliwa na mlinzi mbovu. Mama si wa kundi hilo, umri wake na dalili zake havionyeshi hivyo. Kwake yeye walinzi walikuwepo, kazi ikawa nyingi kuliko wao.

Kwa nini seli hizi? Kwa sababu zina matawi mengi mno ya kulisha, hazipumziki, na dopamini yenyewe ikioksidika huacha mabaki makali. Tena seli ya ubongo haigawanyiki ikaanza upya kama ya ngozi, taka zake za miaka sitini na saba ni zake. Uzee nao hupunguza makungwi.

Hapo nikaelewa kwamba kopo la Muscat haliwezi kumfikisha mlinzi hata mmoja mahali pake. Hata protini halisi ya kulea seli za dopamini, iitwayo GDNF, haifai kumezwa, tumbo lingeikata kama maharage. Wataalamu wa Bristol, Uingereza, waliipeleka moja kwa moja ubongoni kwa mirija. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba, kwa kipimo kikuu cha jaribio lile, haikuipita ile tiba ya kulinganishia isiyokuwa na dawa. Mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitika kuzuia seli hizo zisife. Levodopa inafidia kilichopungua, na kwa Mama hiyo si kazi ndogo. Anayekuuzia "mlinzi wa ubongo" kwenye kopo, mwulize hilo kwanza.

Halafu nikakosea tena, upande wa pili. Nilirudi nyumbani nikafuta protini zote: samaki, maharage, mayai, maziwa. Wiki sita Mama anakula wali mtupu na mchicha, dawa inashika vizuri, nami nimefurahi, mpaka nguo zikaanza kumning'inia. Alikuwa amepungua kilo nne. Daktari akanirudisha kwenye mstari: protini anazihitaji kama mtu yeyote, misuli yake inazitaka, kinachopangwa ni saa. Dawa kwa maji, kiasi cha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Mchana chakula chepesi. Samaki na maharage vimehamia usiku, wakati hana kazi ya mikono. Ila si kila mgonjwa anahitaji mpango huu, wapo wanaokula watakavyo na dawa ikashika, kwa hiyo onyesha daftari kwanza. Na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visimezwe pamoja na levodopa, navyo huizuia.

Kuhusu metoklopramidi, nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya Mama, pamoja na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Zote mbili huziba mahali pa dopamini. Kila tukifika hospitali, hata kwa malaria, naitoa kadi kabla hawajauliza jina. Wauguzi wengine hukunja uso. Naitoa tu.

Jirani mmoja alituletea mbegu za upupu, akasema kwao zinatuliza mtetemo. Nilitaka kuzitupa, daktari akanizuia nisimdharau yule mzee: mbegu za upupu kweli zina levodopa, na wanasayansi wamezijaribu kwa wagonjwa. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kijiko kimoja kina kiasi gani, na mtu aliye kwenye vidonge akiongezewa hizo kimyakimya anaweza kupitiliza. Tulimshukuru, hatukuzitumia.

La kuogopa kuliko yote ni dawa kukatika. Kidonge tunakinunua shilingi 1,000, na si kila duka la dawa linacho. Sikukuu moja kiliisha mji mzima, siku mbili, na siku ya pili jioni Mama alishindwa kumeza hata mate. Usimkatize mgonjwa levodopa ghafla, hata kwa nia ya "kumpumzisha". Sasa hatufungui boksi la mwisho bila lingine kuwa kabatini, na fedha ya Kaka ya makopo ndiyo inayonunua akiba hiyo.

Mazoezi nilikuwa nayachukulia kama maneno ya kumfariji mgonjwa. Sivyo. Kwa wanyama wa maabara mazoezi yameonekana kuongeza baadhi ya protini zinazolea seli za ubongo. Kwa Mama sina kipimo cha kuonyesha, ila naona hatua zake. Huganda mlangoni, miguu kama imegundishwa sakafuni. Tulikata ukanda mwekundu wa khanga kuukuu, tukaugundisha vipande sita sakafuni toka chumbani hadi barazani, kila kimoja hatua moja. Ukimwambia "tembea" hawezi. Ukimwambia "ruka mstari" anakwenda. Akianza kaswida kwa sauti ya chini anakwenda vizuri zaidi, na tukifika kwenye zulia la sebule nampigia makofi.

Vifungo vya blauzi nimevitoa, ndani nimeshonea zipu, vifungo vimebaki juu kwa urembo. Mama ndiye aliyenielekeza namna ya kuiweka isionekane. Nilimwomba radhi siku hiyo kwa yale ya mbele ya bodaboda. Alisema, "Nishike pindo hapo, linateleza."

Leo ameamka saa kumi na mbili na nusu. Maji, kidonge, dirisha likafunguliwa. Saa moja na nusu muhogo na chai ya rangi. Ana mashela mawili ya mtu wa Pangani ya kumaliza Alhamisi, na tarakimu za daftari lake bado ni ndogo, kwa hiyo anazitaja, naziandika mimi.